Hadubini ya mtumba kwenye unyevu wa Pemba

Fundi cherehani mmoja wa Wete ameniandikia hivi: "Assalaam alaykum. Tangu niko skuli napenda hadubini, ila tulikuwa nayo moja tu na ilikaa kabatini, tukiitazama kwa nje. Sasa kuna mtu Chake Chake anauza moja kwa laki nne. Ni ya chuma, nyeusi, nzito, imeandikwa Carl Zeiss Jena. Ni ya jicho moja, ina lenzi tatu, na chini ina kioo badala ya taa. Nobu kubwa ni ngumu kuzunguka, na nilipochungulia niliona kama moshi. Dukani kuna mpya ya plastiki, imeandikwa mara 1200, laki na nusu. Nataka kutazama maji, mwani, majani, vitu vya kawaida tu. Ninunue ipi, na nitaitunzaje kwa unyevu wa huku kwetu? Kaka mmoja ananiambia ile ya chuma niipake mafuta ya cherehani, italainika."

Waalaykum salaam, fundi wangu.

Nianze na hilo la mafuta, maana ndilo linaloweza kuharibu kazi leo hii jioni. Usiipake mafuta ya cherehani, na huyo kaka mshukuru kwa nia yake. Mafuta yale ni mepesi kwa makusudi, yanatambaa yenyewe mpaka pahala ambapo mkono haufiki. Kwenye cherehani hiyo ndiyo sifa yake. Kwenye hadubini yatatambaa vilevile, yateremke hadi kwenye mboni, yaani yale majani membamba ya chuma chini ya meza ya hadubini, pale panapowekwa kitu cha kutazama, yanayojifunga na kujifungua kama jicho la paka, yayagandanishe, kisha yapate njia ya kwenda kwenye vioo. Utakuwa umelainisha nobu na kuipofusha hadubini.

Hiyo ya plastiki iache dukani. Sababu yake nitaieleza kwa urefu kidogo, kwani ndiyo itakayokusaidia kuikagua hata hii ya Chake.

Kila lenzi ya chini ya hadubini ya kweli, ile inayosogelea kitu unachokitazama, imechorwa namba mbili ubavuni, mathalan 40/0.65. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Izidishe kwa namba ya lenzi ya jicho, aghlabu 10, upate mara 400. Namba ya pili, hiyo yenye nukta, wengi huipita bila ya kuisoma, na yenyewe ndiyo yenye thamani. Inakwambia lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na kwa hivyo inaweza kutenganisha vitu viwili vilivyosogeleana kiasi gani. Ernst Abbe, aliyefanya kazi na Carl Zeiss huko huko Jena ilikotoka hadubini ya mtu wako, alieleza mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe una ukomo, na ukomo huo unakwenda na namba hiyo. Lenzi ya 0.65 inatenganisha vitu mpaka kiasi cha nusu mikromita, na mikromita ni milimita moja iliyogawiwa mara elfu. Lenzi ya 1.25, ambayo hutumiwa pamoja na tone la mafuta maalumu ya kuzamishia lenzi, inafika kama robo ya mikromita. Kutoka hapo kuna ukubwa tu, hakuna jipya la kuona.

Hesabu ya mafundi wa maabara ni hii: chukua namba ya pili, zidisha kwa elfu. Hapo ndipo mwisho wa ukuzaji wenye faida. Kwa 0.65 ni mara 650. Ukipita hapo ni kama picha ya simu unayoivuta kwa vidole: sura inapanuka, lakini unywele usiouona mwanzo hutauona mwisho. Hadubini ya plastiki inayojisifu mara 1200 huku lenzi zake hazina namba ya pili inakuuzia kitu kikubwa kisichoonekana. Meza yake inatikisika ukiigusa, na lenzi yake ikiharibika huna ya kuiweka badala yake.

Turudi kwenye Jena. Sishangai kuikuta Pemba. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki, nchi ya huo mji wa Jena, ilikuwa rafiki wa karibu wa Zanzibar, na zile nyumba za ghorofa za Kikwajuni, Unguja, ni ushahidi unaokaliwa mpaka leo. Hadubini za Jena ni kazi nzuri. Lakini jina halizuii ukungu. Nimeona hadubini zenye majina makubwa zikiwa hazina thamani ya chuma chake, na nimeona za skuli zisizojulikana mwenyewe zikitoa picha kama maji ya chemchem. Nenda Chake ukaitazame vioo vyake, jina liache pale lilipochorwa.

Chukua katika safari yako simu yenye tochi, kitambaa safi cha kufutia mikono, na slaidi, kile kipande cha kioo cha kuwekea kitu cha kutazama, uliyoitengeneza mwenyewe nyumbani: uzi mmoja wa pamba uliouchambua nyuzi zake, tone la maji, na juu yake kile kioo chembamba cha kufunikia. Kioo hicho usikisahau. Lenzi nyingi zimechorwa 160/0.17, na hiyo 0.17 ni unene wa kioo cha kufunikia kwa milimita. Lenzi ya 40 imetengenezwa ikijua kwamba kipo. Kikikosekana, picha inafifia hata kama lenzi ni nzima.

Na slaidi isigeuke juu chini. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka mingi nyuma, Unguja, nilikutana na hadubini nzuri kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya ofisi iliyovunjwa. Lenzi ya 10 ikafanya kazi, ya 40 ikakataa kabisa kulenga. Nikamwambia muuzaji, kwa kiburi cha mtu wa maabara, kwamba lenzi hiyo imekufa. Kesho yake mwenzangu wa kazini aliinunua kwa nusu ya bei kwa sababu ya neno langu, akaigeuza slaidi, akaja kunionyesha. Nilikuwa nimeweka kioo cha kufunikia chini, lenzi ikitafuta kitu kilichokuwa nyuma ya unene wa slaidi nzima. Hadubini ile bado anayo.

Sasa huo moshi uliouona. Usiulize kwanza "ni nini", uliza "uko wapi". Tazama slaidi yako kwa lenzi zote tatu, moja baada ya moja. Moshi ukiwa kwenye zote, tatizo liko juu, kwenye lenzi ya jicho au ndani ya bomba. Zungusha lenzi ya jicho pale pale ilipo: madoa yakizunguka nayo, yako juu yake, na huenda kufuta tu kukatosha. Moshi ukiwa kwenye lenzi ya 40 peke yake, furahi kidogo. Huo ndio ugonjwa wa kawaida kuliko wote. Mtu alitumia yale mafuta ya kuzamishia na lenzi ya 100, kisha akairudisha ya 40 juu ya slaidi ile ile, mafuta yakaipata na kukauka. Lenzi ya 40 haitakiwi kuguswa na mafuta, lakini hakuna hadubini ya maabara niliyoikuta ambayo haikuwahi kuguswa.

Kwa kuhakikisha, ichomoe lenzi ya jicho, igeuze kichwa chini, uitumie kama kioo cha kukuzia. Fungua lenzi ya 40, isogeze kwenye mwanga, utazame ncha yake. Mafuta makavu yanaonekana kama tope lililopasuka, na mikwaruzo kama mistari iliyonyooka. Kisha ubonyeze ncha hiyo taratibu kwa ukucha pembeni: kwa lenzi nyingi za 40 na 100 inatakiwa iingie ndani na kurudi, kwani ina springi ya kuilinda isigonge slaidi. Ikiwa imekwama, huenda mafuta yameingia ndani.

Ugonjwa mbaya ni ukungu wenyewe. Ondoa lenzi ya jicho, mulika kwa tochi kutoka chini, uchungulie ndani ya bomba. Kisha ichukue kila lenzi ya chini uitazame kutoka nyuma, ukiinamisha huku na huku. Ukungu wa kwenye lenzi una sura yake: nyuzinyuzi kama mizizi ya nyasi au utando wa buibui, zinaanzia ukingoni na kuja kati. Wewe unaijua kawa inavyoshika kitambaa kilichokunjwa kikiwa na unyevu. Hata ukikifua, doa linabaki. Kwenye kioo ni hivyo hivyo. Ukungu unatoa asidi inayokula ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya lenzi, na mwisho kioo chenyewe. Ukiwa mchanga na uko juu juu unafutika. Ukishakaa, unaufuta na alama yake inabaki.

Kuna kimoja zaidi, nacho ukikiona usibishane: rangi za upinde wa mvua au mabaka kama manyoya ndani ya lenzi. Lenzi moja kwa kweli ni vioo kadhaa vilivyogandishwa kwa gundi, na gundi ikiachia ndiyo unaona hivyo. Visiwani hapa simjui fundi wa kuigandisha upya. Hesabu kwamba lenzi hiyo haipo.

Nobu ngumu inanitisha kidogo kuliko inavyokutisha wewe. Grisi ya miaka ya nyuma hukauka ikawa kama nta. Lakini kabla ya kuilaumu grisi, shika nobu kubwa mbili, ya kulia kwa mkono wa kulia na ya kushoto kwa kushoto, uzizungushe kinyume, kidogo tu na bila ya nguvu. Kwenye hadubini nyingi za zamani hivyo ndivyo mkazo unavyorekebishwa, na pengine mwenye nayo wa mwanzo aliikaza ili meza isishuke yenyewe. Ikilegea, tatizo limekwisha hapo hapo Chake, na ushauri wangu ni usimwambie muuzaji mpaka mmalize bei. Isipolegea, usilazimishe. Nobu ndogo, ile ya kulenga kidogo kidogo, nayo iguse: ikizunguka laini ina maana sehemu ngumu kutengeneza ni nzima. Ikiwa imegoma hiyo, mimi nisingenunua hata kwa laki moja, maana ndani yake kuna gia ndogo na mikono ya cherehani haitoshi.

Bei basi. Lenzi ya 10 na ya 40 zikiwa safi ndani, na nobu ndogo laini, laki nne si wizi, ila nobu kubwa ngumu na moshi vinakupa haki ya kushuka mpaka tatu au chini yake. Ya 40 ikiwa na ukungu ndani, usipite laki mbili, na uanze kutafuta ya kuibadilisha. Hapo namba nyengine inakuwa na kazi: hiyo 160 ni urefu wa bomba kwa milimita, na lenzi nyingi za 160 zina uzi wa skrubu wa kipimo kimoja, milimita 20.32, hata zikitoka viwanda tofauti. Lenzi iliyochorwa alama ya ukomo usiokwisha, kama nane iliyolala, si ya hadubini yako hata kama skrubu imekubali. Na lenzi ya kuazima huenda ikawa ndefu kuliko jirani zake, kwa hivyo usizungushe kichwa kinachobeba lenzi bila ya kuinua kwanza; utapasua slaidi, na slaidi ndiyo itakayokwaruza lenzi. Lenzi ya 100 kama ni mbovu, mie ningeiachia. Mambo unayoyataka wewe hayapiti mara 400, na mafuta ya kuzamishia ni maudhi. (Kuna watu wanajaribu mafuta ya nazi. Yale ya maabara yanapinda mwanga sawa na kioo, kipimo chake ni kama 1.515; ya nazi yako chini ya hapo, na asubuhi ya baridi yanaganda juu ya lenzi.)

Ukishaifikisha Wete, kazi ya kwanza ni kuisafisha, na hapa fundi cherehani ana adui wake mwenyewe: vitambaa. Usifute lenzi kwa kipande cha kanga, wala kwa kitambaa kipya ambacho bado kina dawa ya kiwandani, wala kwa ncha ya shati. Kwanza puliza vumbi kwa ile mipira ya kupulizia inayouzwa na vifaa vya kamera, kisha brashi laini. Vumbi la kwetu lina mchanga wa pwani, na ukifuta bila ya kupuliza unapiga msasa. Halafu hemea juu ya kioo, ufute kwa karatasi ya lenzi kwa mzunguko kutoka kati kwenda nje, mara moja, uitupe. Mafuta makavu kwenye lenzi ya 40 hayatoki kwa pumzi. Chovya pamba safi kwenye petroli nyepesi ya kujazia viberiti, ikamue ibaki na unyevu tu, uguse na kuzungusha, ubadilishe pamba, urudie. Inaweza kukuchukua nusu saa. Dawa ya kutolea rangi ya kucha isikaribie, inayeyusha gundi na rangi. Na lenzi za chini usizifungue ndani, hata moyo ukikwambia unaweza. Ndani mna viduara vya chuma vilivyopangwa kwa vipimo ambavyo mkono hauvirudishi.

Nobu kubwa ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni, dakika chache, ukiizungusha polepole huku na huku. Pasi usiiwaze. Ikishalegea, fungua ule mhimili wenye meno, upige picha kila hatua, utoe grisi ya zamani kwa petroli ile ile na mswaki mkuukuu, ukaushe, upake grisi mpya nzito kidogo mno, kama unavyopaka siagi ya mtu bahili.

Kioo cha chini kisikuvunje moyo. Unguja ilipokaa bila ya umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mimi nilikuwa na hadubini mbili, ya taa na ya kioo, na miezi ile mitatu ya kioo ndiyo iliyofanya kazi, imewekwa dirishani ikitazama mbingu nyeupe. Kioo kina pande mbili: bapa, unaoutumia ukiwa na ile lenzi ya kukusanyia mwanga chini ya meza, na uliobonyea, unaoutumia kama lenzi hiyo haipo. Lakini sikiliza vizuri, khasa kama una watoto nyumbani: kioo kisielekezwe kwenye jua lenyewe hata sekunde moja. Jua likipitia lenzi mpaka kwenye jicho linaunguza, na jicho halishonwi. Elekeza kwenye mbingu upande usio na jua, au ukuta mweupe. Usiku, taa ndogo ya LED ya kuchomeka kwenye pawa benki, mbele yake karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga, inatosha kabisa.

Kisha jifunze mboni. Wanaoanza huifungua yote, mwanga ukajaa na vitu vikapotea kama mtu aliyesimama mlangoni nyuma yake kukiwa na jua. Ondoa lenzi ya jicho, chungulia bombani, ufunge mboni mpaka duara la mwanga libakie kama robo tatu. Rudisha lenzi. Utaona kingo ambazo hazikuwepo.

Sasa unyevu, ambao ndio uliokufanya uandike, na mimi ndio ulionifanya nijifunze. Hadubini yangu ya kwanza niliipenda sana, kwa hivyo niliifunika mfuko wa plastiki, nikaitia kwenye sanduku lake la mbao lenye kitambaa ndani, nikaifungia kabatini masika ilipoanza. Mvua zikashika tangu Machi mpaka Mei. Nilipoifungua, sanduku lilinuka kama handaki, na kwenye lenzi ya jicho palikuwa na nyota nyeupe yenye miguu, saizi ya punje ya mtama. Mfuko ulikuwa umefungia unyevu ndani, mbao na kitambaa vilikuwa chakula, na giza lilikuwa usingizi mwema. Niliutendea ukungu kila hisani.

Kwa hivyo sanduku la mbao liweke kama ukumbusho, hadubini isilale humo. Nunua lile kontena kubwa la plastiki la kuhifadhia vyakula lenye mpira mfunikoni. Kama hadubini nzima haingii, fungua lenzi zote, za juu na za chini, hizo ndizo ziingie. Mwili wa chuma unaweza kukaa nje umefunikwa kitambaa kinachopumua, na matundu yake yamezibwa vifuniko vumbi lisiingie. Ndani ya kontena tia silika jeli, si vile vifuko viwili vinavyokuja na viatu, bali kikombe kizima. Ya buluu ikishiba unyevu inageuka waridi. Hapo unaikausha kwa moto mdogo, kama nyuzi 120, mpaka irudi buluu, na unaitumia miaka. Sufuria ya kukaushia isiwe ya kupikia, kwani buluu hiyo ni ya kobalti na ni sumu. Kuna ya rangi ya chungwa isiyo na kobalti. Mchele, ambao kila mtu atakushauri, hauvuti unyevu wa maana na unaleta vumbi la wanga, nalo ndilo ukungu unalolipenda.

Kipimo kidogo cha unyevu kikikaa humo kionyeshe chini ya 60 kwa mia. Karibu na 50 ni bora zaidi. Wazee wetu wa maabara walikuwa na kabati lenye balbu inayowaka mchana na usiku, na lilifanya kazi kwa sababu balbu za zamani zilikuwa na joto. Siku hizi mtu anatia balbu ya LED, haina joto la kutosha, na ukungu unakua huku umewashiwa taa.

Tiba nyengine ya ukungu ni kuitumia hadubini. Itoe kila wiki, ipate hewa na mwanga. Na ukitazama maji ya bahari, hakikisha tone halitapakai mezani. Likitapakaa, futa kwa kitambaa chenye maji matamu, kausha, siku hiyo hiyo. Chumvi ya bahari inakula kromiamu mpaka meza ikawa na chunusi.

Nimeacha utamu mwisho. Wewe anza na kazi yako. Chambua uzi wa pamba, uweke kwenye tone la maji, utazame kwa mara 100 kisha 400. Unyuzi mmoja wa pamba una upana wa kama mikromita 12 mpaka 20, na si mviringo: ni utepe bapa uliojisokota, kama riboni iliyopotoka njiani. Weka pembeni yake uzi wa polista. Huo ni fimbo laini iliyonyooka, haina msokoto wala kasoro. Siku mwenye duka atakapokuapia kwamba jora lake ni pamba tupu, utachomoa nyuzi tatu na kwenda nazo nyumbani. Kisha tafuta sufi ya kwenye mto wa kulalia: hiyo ni mrija mtupu uliojaa hewa, na hewa ndani ya maji inaonekana kama mstari mweusi mzito.

Karafuu mbichi iliyo bado haijapasuka, ikate kwa upana wake kwa wembe mpya, vipande vyembamba mpaka unaona maandishi kupitia kwavyo. Ili isikimbie, ibane kwenye mpasuko wa kipande cha muhogo mbichi na ukate vyote pamoja. Chini ya ngozi tu utaona vifuko vya duara vimejipanga, vikubwa kuliko seli zote zinazovizunguka. Hivyo ndivyo vyenye mafuta; harufu yote ya Pemba wakati wa msimu imetoka humo. Na kile kipande cha muhogo usikitupe, kwaruza unga wake kidogo, utie tone la ayodini ya vidonda iliyochujuliwa kwa maji, uone punje za wanga zikigeuka buluu ya wino.

Mwani, wa spinosum au kotoni, kwangua utelezi wake juu. Humo mna dayatomu, viumbe wa seli moja waliojijengea maganda ya kioo yenye nakshi. Hao ndio watakaokufundisha kulenga.

Maji matamu yana sharti. Unajua kichocho kipo Unguja na Pemba, na vidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa maji na kuingia mwilini kwa kupenya ngozi. Usiingie mtoni kwa ajili ya hadubini. Funga chupa kwenye fimbo, vaa glavu, chota, angalia usichote konokono, na uyaache maji siku mbili kabla ya kuyachezea. Vidudu hivyo haviishi muda huo bila ya kumpata mtu, lakini viumbe vyengine vyote vizuri vitakungoja.

Na jengine ambalo hukuuliza. Mtaa ukishajua una hadubini, kuna mama atakuja na kichupa cha mkojo wa mtoto. Mimi nimetumia umri wangu kutazama mayai ya kichocho, yenye ule mwiba mmoja nchani, na hata hivyo nyumbani kwangu sipimi mtu. Yai usiloliona si ushahidi kwamba halipo, na mama atakwenda zake akiamini. Mwambie kwa upole aende kituo cha afya leo leo.

Picha utapigia simu hiyo hiyo. Tatizo ni kuishikilia bila ya kutetemeka. Chukua kandambili iliyochakaa, kata kipande kinene, toboa tundu la kubana lenzi ya jicho, na upande wa pili uichonge iikalie kamera ya simu. Rekebisha unene wa mpira mpaka duara la mwanga lijae kwenye kioo cha simu. Kwa kawaida kamera inataka kukaa sentimita moja au mbili juu ya lenzi. Na kwa kupiga tumia saa ya kuhesabu sekunde tatu, ili kidole kiwe kimeshaondoka.